Sura ya 6: Hisabati Inapokwenda Fildi

Mwanafunzi wa uhandisi akibisha hodi kiwandani na barua ya utambulisho mkononi, hana haja ya kujieleza sana. Anapewa kofia ngumu na kupelekwa kwa fundi mkuu. Wa uhasibu ataketishwa kwenye vocha. Wa ualimu atakabidhiwa chaki na kipindi cha kidato cha pili. Wa hisabati akifika, afisa utumishi ataisoma barua mara mbili, kisha atauliza kwa upole: "Sasa mwanangu, wewe tukuweke wapi?" Mara nyingi jibu huwa masijala. Huko atapanga mafaili, atazungusha barua za kutiwa saini, atapiga fotokopi, na wiki 8 zikiisha atapigiwa muhuri kwenye logibuku na kurudi chuoni kudai krediti zake.

Sura hii nimeiandika kwa ajili yake, na kwa ajili ya wanaomtuma. Mafunzo kwa vitendo, ambayo wanafunzi wa Tanzania huyaita fildi na wenzao wa Kenya huyaita atachimenti, yanahesabiwa kuwa somo. Yana msimbo wake katika kitabu cha mwongozo cha chuo, yana krediti zake, na matokeo yake yanaingia kwenye hati ileile inayobeba matokeo ya kalkulasi na aljebra. Basi tuyaulize swali tunaloliuliza somo lolote: mwanafunzi amejifunza hisabati gani? Asipokuwa na la kujibu, chuo kimempa krediti kwa kuhudhuria.

Nasema haya bila kumlaumu afisa utumishi. Yeye hajawahi kuambiwa mwanahisabati anafaa kwa kazi gani, na barua aliyoletewa haimsaidii. Barua nyingi za utambulisho zinasema tu kwamba mwenye barua ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, shahada ya sayansi katika hisabati, na kwamba chuo kitashukuru akipokewa. Hapo hakuna swali wala kazi iliyoombwa. Mwenye ofisi anajaza pengo hilo kwa kazi iliyopo mezani siku hiyo.

Maswali yenyewe yapo, tena tele. Mamlaka ya Hali ya Hewa inatabiri mvua kwa milinganyo. Ofisi ya Taifa ya Takwimu, iliyotuhesabu watu 61,741,120 katika Sensa ya Agosti 2022, inaishi kwa sampuli na makadirio. Kampuni ya bima haiwezi kupanga ada bila kukadiria uwezekano wa hasara. Bandari ina meli zinazosubiri gati. Hospitali ina foleni, ghala lina dawa zinazoisha kabla ya oda mpya kufika, na benki ina mikopo ambayo baadhi yake haitarudi. Kila moja ya hizo ni mada iliyo na sura yake katika vitabu vya mwaka wa pili na wa tatu. Kinachokosekana ni mtu wa kuiunganisha sura na ofisi, na mtu huyo anapaswa kuwa mwanafunzi mwenyewe, akisaidiwa na mwalimu wake kabla hajaripoti.

Anayetaka kuona jinsi muungano huo unavyozaa, amsome William Sealy Gosset. Alizaliwa Uingereza mwaka 1876, akasoma hisabati na kemia Oxford, na mwaka 1899 akaajiriwa na kiwanda cha bia cha Guinness mjini Dublin. Hakupelekwa masijala. Alipelekwa kwenye shayiri, hopsi na hamira, na huko akakutana na tatizo ambalo walimu wake hawakuwa wamelitatua. Kupima ubora wa shayiri ni ghali na kunachukua muda, kwa hiyo mtu wa kiwandani ana vipimo vichache tu, pengine vinne au vitano. Kanuni za takwimu za wakati huo zilitegemea sampuli kubwa. Ukizitumia kwa vipimo vinne, zinakupa uhakika usiokuwa wako: unaamini umekaribia wastani wa kweli ilhali uko mbali.

Mwaka 1904 Gosset aliwaandikia wakubwa zake ripoti ya ndani kueleza jinsi nadharia ya makosa ya vipimo inavyoweza kutumika katika kazi za kiwanda. Ripoti hiyo ilimfikisha kwa Karl Pearson, bingwa wa takwimu wa London, na kuanzia mwaka 1906 hadi 1907 mwajiri wake akamruhusu akae katika maabara ya Pearson. Ni mafunzo kwa vitendo yaliyogeuzwa: mfanyakazi alikwenda chuoni akiwa na swali la kazini. Alivyolishughulikia ni jambo la kumwonyesha kila mwanafunzi. Alichukua vipimo vya watu 3,000, wafungwa ambao urefu wao na urefu wa kidole chao cha kati vilikuwa vimeshapimwa na wengine. Akaviandika kwenye vipande 3,000 vya karatasi ngumu, akavichanganya, kisha akavigawa katika mafungu 750, kila fungu vipimo vinne. Kwa kila fungu alikokotoa wastani na mtawanyiko, akalinganisha matokeo na mlinganyo alioupata kwa kalamu. Vikakubaliana. Mwaka 1908 makala yake ilitoka katika jarida la Biometrika, na leo jaribio la t lililotokana nayo linafundishwa katika kila kozi ya takwimu, kuanzia Dar es Salaam hadi Nairobi hadi Kinshasa.

Watu huisimulia habari hii kama sifa ya kipaji cha Gosset, na kipaji alikuwa nacho. Mimi navutiwa zaidi na utaratibu. Kazi ilileta swali. Swali likaandikwa kwenye karatasi, wakubwa wakalisoma. Mtu wa chuo mwenye ujuzi akahusishwa. Mwishoni pakawa na maandishi ambayo mwanahisabati mwingine anaweza kuyakagua mstari kwa mstari. Fildi ya wiki 8 haitazaa jaribio la t, lakini hatua hizo nne zinaweza kufuatwa na mwanafunzi yeyote, na ndizo zinazomfanya astahili krediti.

Krediti yenyewe ni kipimo cha muda wa kujifunza. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti 1 ni saa 10 za kujifunza za mwanafunzi wa kawaida, zikijumlishwa za darasani, za maktaba, za mazoezi na za mitihani. Mwaka mmoja wa masomo una krediti 120, na shahada ya miaka 3 ina 360. Sasa piga hesabu: wiki 8, siku 5 kwa wiki, saa 8 kwa siku, unapata saa 320. Zingekuwa zote saa za kujifunza, zingekuwa krediti 32, zaidi ya robo ya mwaka mzima. Programu nyingi hutoa pungufu ya hapo, na zina sababu. Saa ya kukaa kazini ina kungoja ndani yake, ina kurudia kazi ambayo mtu ameshaijua tangu wiki ya kwanza, ina chai. Saa chache za kuunda modeli, kuikagua na kuiandika zina uzito zaidi kuliko siku nzima ya kuingiza namba kwenye kompyuta. Mwanafunzi anayelalamika kwamba krediti za fildi ni chache aanze kuhesabu ni saa ngapi kati ya zile 320 alikuwa anafikiri kihisabati. Akizipata nyingi, malalamiko yake yana msingi na idara inapaswa kumsikiliza.

Ulaya hesabu ni nyingine. Mwaka una krediti 60, na kila moja inabeba saa 25 hadi 30 za kazi. Marekani krediti moja ya muhula ni saa moja darasani na mbili za kujisomea kila wiki, kwa wiki 15 hivi, ambayo ni kama saa 45. Nazitaja kwa sababu wapo wasomaji wetu huko, vijana wa Mombasa, Moshi, Bujumbura na Lubumbashi wanaosoma hisabati Minnesota au Texas, na kwao jambo hili lina uzito ambao mwenzao wa Dodoma haujui.

Marekani, mwanafunzi wa kigeni mwenye viza ya masomo ya F-1 hawezi tu kuokota kazi nje ya chuo. Njia mojawapo inayomruhusu ni kibali cha mafunzo ya vitendo ya mtaala, kiitwacho CPT kwa kifupi, na sharti lake kuu ni kwamba kazi hiyo iwe sehemu ya mtaala uliokwisha wekwa. Njia ya kawaida ya kulitimiza ni kujisajili kwenye kozi ya mafunzo kazini yenye krediti. Kwa kawaida awe amekwisha kusoma mwaka mzima wa masomo, awe na ahadi ya kazi kwa maandishi, na afisa wa wanafunzi wa kigeni aiandike ruhusa hiyo kwenye fomu yake ya I-20 kabla ya siku ya kwanza ya kazi. Akianza Jumatatu na ruhusa ikatoka Alhamisi, siku hizo tatu amefanya kazi bila kibali, na kosa hilo linaweza kumfukuzisha nchini. Tena akifikisha miezi 12 ya CPT ya muda wote, anapoteza haki ya mafunzo ya baada ya kuhitimu kwa ngazi hiyo ya shahada. Haki hiyo ni miezi 12, na kwa waliosoma hisabati inaweza kuongezwa miezi 24. Kijana asiyeambiwa haya mapema anaweza kuibadilisha miaka mitatu ya kazi kwa likizo chache za kiangazi.

Huko pia krediti inanunuliwa. Mwanafunzi anayejisajili kozi ya fildi wakati wa likizo ya kiangazi mara nyingi hulipia ada kwa kila krediti, kwa hiyo anaweza kujikuta anatoa pesa ili afanye kazi. Idara nyingi za hisabati hutoa krediti 1 hadi 3, kwa matokeo ya kufaulu au kufeli bila daraja, na nyingi hazikubali krediti hizo zichukue nafasi ya masomo ya lazima ya shahada. Zinaingia kwenye fungu la masomo ya hiari. Ushauri wangu kwa aliye huko ni mfupi. Kama unahitaji krediti kwa ajili ya kibali tu, chukua ile 1 na ulipe kidogo. Kama unataka ihesabiwe kwenye hisabati yako, nenda kwa mwalimu ukiwa na swali lililoandikwa kabla hujasaini mkataba, kwa sababu krediti ya kuombwa baada ya kazi kuisha ni nadra kutolewa.

Nyumbani nako pesa ni suala. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Tanzania inayo mafunzo kwa vitendo miongoni mwa vipengele inavyokopesha, na wenye mkopo huo wanalijua bumu la fildi. Asiyekopeshwa analipa nauli mwenyewe kila asubuhi kutoka Mbagala hadi Posta jijini Dar es Salaam, na ofisi aliyopangiwa haina wajibu wa kumpa hata chakula cha mchana. Kuna waajiri wanaotaka mwanafunzi alete bima ya ajali kabla hawajampokea, hasa Kenya. Haya yanamchuja mwanafunzi maskini kabla hisabati haijaanza. Namwambia achague ofisi ya karibu na kwao bila aibu. Swali zuri halipatikani katika majengo marefu ya mjini tu. Lipo katika chama cha ushirika cha wilaya, katika duka la dawa la hospitali ya misheni, katika stendi ya mabasi.

Nichukue hospitali, tukae nayo kidogo.

Tuseme mwanafunzi, tumwite Neema, amepangiwa hospitali ya wilaya. Wamemweka mapokezi ili asaidie kuandika majina. Dirisha la usajili ni moja. Anaona watu wamejaa kwenye mabenchi, na anasikia kila siku kwamba dawa yake ni kuongeza wafanyakazi, na kwamba wafanyakazi hakuna. Kwa siku chache anaandika pembeni, kwa saa ya simu yake, muda wa kila mgonjwa kufika na muda wa kuondoka dirishani. Anapata kwamba wanafika wastani wa wagonjwa 18 kwa saa, na kila mmoja anahudumiwa kwa wastani wa dakika 3. Dirisha basi lina uwezo wa wagonjwa 20 kwa saa. Mganga mfawidhi akisikia hivyo atasema uwezo upo, 20 ni zaidi ya 18, tatizo ni uvivu.

Hapo ndipo somo la nadharia ya foleni linapomfaa Neema. Mwasisi wa somo hilo ni Agner Krarup Erlang, Mdenmaki aliyeajiriwa mwaka 1908 na kampuni ya simu ya Copenhagen, na ambaye mwaka 1909 alichapisha makala ya kwanza kuhusu simu zinazoingia kwa bahati nasibu. Kwa modeli rahisi kabisa, ya watu wanaofika bila mpangilio mbele ya dirisha moja ambalo muda wa huduma nao hubahatika, wastani wa muda ambao mtu anakaa, tangu kufika hadi kuondoka, ni moja gawanya kwa tofauti ya uwezo na ufikaji. Ishirini toa kumi na nane ni mbili, na moja gawanya kwa mbili ni nusu saa. Dakika 30 kwa huduma ya dakika 3. Kwa kanuni aliyoithibitisha John Little mwaka 1961, wastani wa watu waliopo ni kiwango cha ufikaji mara wastani wa muda wa kukaa: 18 mara nusu saa, watu 9. Karani hana uvivu wowote. Foleni inazaliwa na kubahatika kwa ufikaji na kwa huduma, na inakuwa ndefu kwa sababu dirisha linatumika asilimia 90 ya wakati.

Sasa Neema anaangalia dakika zile 3 zinakwenda wapi. Anagundua kwamba kila mgonjwa anaulizwa jina la kijiji, na karani analitafuta kwenye daftari lisilopangwa kwa alfabeti. Tuseme kupanga daftari kunaokoa nusu dakika. Huduma inakuwa dakika 2 na nusu, uwezo unapanda hadi wagonjwa 24 kwa saa, na 24 toa 18 ni 6. Muda wa mgonjwa unashuka kutoka dakika 30 hadi 10, na waliopo mbele ya dirisha kutoka 9 hadi 3. Nusu dakika kwa karani imekuwa dakika 20 kwa mgonjwa. Mtu yeyote mwenye akili timamu angekisia kwamba kuokoa nusu dakika kunaokoa nusu dakika. Hisabati inaonyesha sivyo, na sababu yake inaweza kuelezwa kwa mganga mfawidhi katika nusu ukurasa.

Lakini Neema akiishia hapo, mimi ningempa alama za wastani. Modeli ile inadai kwamba watu wanafika kwa kiwango kilekile asubuhi hadi jioni, na daftari lake mwenyewe linamkatalia. Hospitali za kwetu hujaa alfajiri. Watu wameondoka vijijini gizani, saa 1 asubuhi benchi zimekwisha kujaa, na ikifika saa 6 mchana karani anapiga mihayo. Wastani wa 18 unaficha saa ya watu 40 na saa ya watu 5. Saa hiyo ya watu 40 dirisha limezidiwa, na kanuni ya kugawa kwa tofauti haifanyi kazi kabisa kwa sababu tofauti ni hasi. Neema anapaswa kulisema hilo katika ripoti, kuigawa siku katika vipindi, kukokotoa jinsi mrundikano wa asubuhi unavyopungua saa kwa saa, na pengine kupendekeza dirisha la pili kati ya saa 1 na saa 4 asubuhi tu. Sehemu hii, ambapo modeli ya kitabuni inashindwa mbele ya watu halisi na mwanafunzi analazimika kujua ni dhana gani imeshindwa, haifundishiki vizuri ubaoni. Kwa ajili yake tu, fildi inastahili kuwamo katika shahada ya hisabati.

Hii ndiyo sababu nashikilia kwamba kabla ya kuripoti pawe na ukurasa mmoja uliosainiwa na watu watatu: mwanafunzi, msimamizi wa kazini na mwalimu wa idara. Useme swali ni lipi kwa maneno ya kawaida, ni data gani zitahitajika na nani atazitoa, ni somo gani la hisabati litatumika, na mwishoni kitaandikwa nini. Swali linaweza kubadilika wiki ya pili, na hakuna ubaya. Ukurasa ule unamfaa mwanafunzi anapopelekwa masijala, kwa kuwa anaweza kumwendea msimamizi kwa adabu na kusema, "Mzee, shikamoo. Kazi za masijala nitazifanya asubuhi, naomba mchana niendelee na ile tuliyokubaliana na chuo." Bila karatasi ile anaonekana mjeuri. Akiwa nayo anakumbusha makubaliano, na wakubwa wengi huyaheshimu.

Logibuku nayo isiwe daftari la mahudhurio. Nimezisoma nyingi ambazo kila siku imeandikwa: "Nilisaidia kazi za ofisi. Nimejifunza ushirikiano." Mwalimu hana cha kusahihisha hapo. Linganisha na hii: "Nimeandika muda wa kufika wa wagonjwa 112 kati ya saa 1 na saa 4 asubuhi. Zaidi ya nusu walifika kabla ya saa 2. Dhana ya ufikaji sawa haisimami. Kesho nitagawa kwa vipindi vya dakika 30." Mistari michache, na mwalimu anaweza kuona akili inafanya kazi, anaweza kupinga, anaweza kushauri kitabu.

Kuna kikwazo kingine kinachowapata sana waliopangiwa benki na bima. Ofisi inasema data zake ni siri, chuo kinasema ripoti isiyo na data haisahihishiki. Gosset alikutana nacho. Guinness haikutaka wafanyakazi wake wachapishe kwa majina yao, ikiogopa siri za kiwanda kuvuja, na ndiyo maana makala ya mwaka 1908 ilitoka kwa jina la bandia, Student. Vipimo alivyovitumia kuthibitisha mlinganyo vilikuwa vya wafungwa, wala havikugusa bia. Mwanafunzi wa leo anaweza kufanya vivyo hivyo: aieleze modeli kwa ukamilifu, aijaribu kwa namba za kubuni zenye umbo kama la zile halisi, na namba halisi zibaki ofisini. Kwa taarifa za watu hili ni suala la sheria pia. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina yake ya mwaka 2019. Daftari la Neema liwe na saa za kufika na kuondoka. Majina na magonjwa hayamhusu, na asiyaandike.

Wako wanaouliza kama haya yote yanafaa kwa hisabati, somo ambalo wanalichukulia kuwa la kalamu na utulivu. Tanzania ilikwisha jibu swali kubwa kuliko hilo. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliagiza vijana waliomaliza kidato cha sita wafanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu, ili elimu isitengane na kazi. Utaratibu huo ulilegezwa baadaye, na ulikuwa na kasoro ya wazi kwa masomo yetu: mtu aliyekaa miaka miwili bila kushika kalamu anasahau kalkulasi. Lakini wazo la kwamba swali la kazini limtangulie mwanafunzi darasani lilikuwa sahihi, na kuliacha kabisa kumetugharimu. Waliofanya vizuri zaidi ni wale waliochanganya vyote viwili. Chuo Kikuu cha Cincinnati, Marekani, kilianza mwaka 1906 na wanafunzi 27 wa uhandisi waliopokezana darasa na kiwanda, chini ya Herman Schneider. Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, kilianza hivyohivyo mwaka 1957, na mwaka 1967 kikaunda kitivo kizima cha hisabati; hisabati nayo imo kwenye utaratibu huo. Mwanafunzi wa huko anaweza kukaa miezi minne darasani na miezi minne kazini, kwa kupokezana, hadi ahitimu. Anarudi darasani akiwa bado ana swali, na mwalimu wa muhula unaofuata anakutana nalo.

Sisi fildi tunaiweka mwishoni mwa mwaka, mwanafunzi anawasilisha ripoti, ripoti inasahihishwa na kuwekwa kabatini. Anayekuja kumtembelea kazini mara nyingi ni mwalimu wa idara nyingine aliyepangiwa mkoa huo, anasaini, anauliza kama kuna changamoto, anaondoka. Sina ugomvi na mwalimu huyo, kwa kuwa magari ni machache na posho ni ndogo. Lakini ripoti ya hisabati isomwe na mwanahisabati. Erlang aliingia kampuni ya simu kwa sababu ndani yake alikuwamo Johan Jensen, mhandisi wa kampuni hiyo aliyekuwa pia mwanahisabati hodari, ambaye ukosefusawa unaobeba jina lake unafundishwa hadi leo. Palikuwa na mtu kazini aliyejua mwanahisabati ni wa nini. Ofisi zetu nyingi hazina mtu huyo bado, kwa hiyo idara ndiyo inapaswa kuijaza nafasi yake, hata kwa simu ya nusu saa kila Ijumaa.

Nawaomba wakuu wa idara za hisabati wafanye mambo mawili mwaka huu, na hakuna hata moja linalohitaji bajeti. Msitoe barua ya utambulisho kwa mwanafunzi ambaye hajaandika ukurasa wake wa swali. Na ripoti zikishasahihishwa, zilizo nzuri ziwekeni maktaba, zikiwa zimeondolewa siri za waajiri, ili mwanafunzi wa mwaka unaofuata akipangiwa hospitali hiyohiyo aanzie pale mwenzake alipoishia. Nawe mwanafunzi, kama barua umeshapewa na ukurasa huna, kaa chini uuandike leo, umpelekee mwalimu wako asaini kabla hujapanda basi.